Kwa nini asilimia za kugongwa na asteroidi zinapanda kwanza halafu zinakatika ghafla

Mnakumbuka ile habari ya asteroidi 2024 YR4? Mwishoni mwa Januari 2025 zikaja taarifa kwamba kuna jiwe la angani lina asilimia 1 na kitu ya kugonga Dunia tarehe 22 Desemba 2032, baadaye ikawa 2 na kitu, tarehe 18 Februari ikafika 3.1, magrupu ya WhatsApp hapa Mbeya yakawaka, watu wanafowadi ramani yenye ukanda unaokatiza Afrika, wengine wanauliza kama kuna haja hata ya kumalizia kupaua nyumba, halafu kufika tarehe 24 mwezi huohuo asilimia ikaporomoka mpaka karibu na sifuri na habari ikafia hapo.

Ikabaki minong'ono. Kuna waliosema wakubwa wameficha ukweli, kuna waliosema hawa jamaa wanabahatisha tu kama watu wa mikeka. Pale Mwanjelwa fundi simu mmoja, kainamia bodi ya simu na kifaa cha kulehemu mkononi, akauliza bila hata kuinua kichwa: "Sasa kaka, kama jana ilikuwa tatu na leo sifuri, nani kasema kesho hiyo sifuri haitakuwa kumi?"

Swali zuri kuliko makala nyingi zilizoandikwa wiki ile. Na jibu lipo, ila linahitaji uvumilivu kidogo, maana zile asilimia zilikwenda sawasawa na zinavyotakiwa kwenda, na kupanda kwanza kabla ya kuanguka ndo mwenendo wa kawaida wa jiwe ambalo halina habari na sisi.

Tuanze na kinachoonekana. Asteroidi kwenye darubini haina sura, ni nukta tu kama nyota, tena hafifu, kinachoiumbua ni kwamba inatembea. Mfumo kama ATLAS, uliogundua YR4 kupitia darubini yake ya Chile na ambao una kituo kingine Sutherland kule Afrika Kusini, unapiga picha eneo lilelile la anga mara nne hivi ndani ya muda mfupi, kompyuta inazilinganisha, nyota zote zimetulia palepale ila kuna kanukta kamoja picha ya kwanza kako hapa, ya pili kamesogea, ya tatu tena, ya nne tena, kwenye mstari ulionyooka. Kinachoandikwa ni vitu vitatu tu: nukta iko wapi kwenda kaskazini au kusini, iko wapi kwenda mashariki au magharibi, na muda kamili mpaka sekunde. Vipimo hivyo vinatumwa Minor Planet Center kule Marekani, ambako vinakusanywa kutoka darubini za dunia nzima, na yeyote mwenye bando anaweza kuingia akavisoma, kwahiyo ile stori ya kuficha ni ngumu sana kuiendesha.

Sasa angalia nini hakimo kwenye hiyo orodha. Umbali haumo. Picha inakuambia jiwe liko upande gani, haikuambii liko mbali kiasi gani, nukta hafifu inaweza kuwa jiwe dogo la karibu au jiwe kubwa la mbali na usiku wa kwanza hakuna anayejua ni lipi. Umbali unapatikana kwa kusubiri. Unapima leo, kesho, wiki ijayo, huku Dunia nayo inasogea na wewe unaangalia kutoka sehemu tofauti kila mara, na kwa kuwa jiwe haliendi linapotaka, linafuata mvutano wa Jua, ni njia chache tu zinazoweza kupita kwenye nukta zote ulizopima. Njia yenyewe ni duaradufu, Jua likiwa limekaa pembeni kidogo ya katikati, na inaelezeka kwa namba sita: ukubwa wa duaradufu, ilivyobonyea, ilivyoinama ukilinganisha na njia ya Dunia, pembe mbili za kuonyesha imegeukia wapi, na ya mwisho jiwe liko sehemu gani ya njia hiyo leo. Ukishakuwa nazo unaweza kulisogeza jiwe mbele miaka hamsini au kulirudisha nyuma.

Shida ni kwamba hakuna kipimo kisafi. Hewa inachezacheza, nukta imetapakaa kwenye pikseli kadhaa, saa ya darubini nayo ina mambo yake. Kwahiyo hupati njia moja, unapata fungu la njia, maelfu kwa maelfu, na zote zinakubaliana na picha ulizonazo.

Hapa ndo penye utamu. Hizo njia leo zimekaribiana sana, karibu zinagusana, ila kadiri miaka inavyokwenda zinaachana, na zinaachana kwa namna ya ajabu. Tuseme umekosea muda wa jiwe kumaliza mzunguko wa Jua kwa dakika moja tu. Raundi ya kwanza limechelewa dakika moja, raundi ya pili mbili, raundi ya kumi dakika kumi. Jiwe linakwenda kama kilometa 30 kwa sekunde, dakika kumi ni sekunde 600, zidisha mwenyewe, umekosea kilometa 18,000, na Dunia nzima kutoka upande huu mpaka upande wa pili ni kilometa 12,742. Yaani kosa la dakika moja limeimeza Dunia na chenji imebaki.

Ndo maana eneo ambalo jiwe linaweza kuwepo siku fulani huko mbele haliwi duara, linakuwa ukanda mrefu mwembamba uliolala kwenye njia yake, urefu unaweza kuwa kilometa laki kadhaa na upana kidogo tu. Na Dunia yenyewe haijakaa inasubiri, inakimbia karibu kilometa 30 kwa sekunde, inavuka nafasi sawa na kipenyo chake kwa dakika 7 hivi. Kwahiyo ili tugongane haitoshi njia mbili kukatana, lazima wote wawili wafike kwenye makutano ndani ya dakika hizo saba. Zile picha za mitandaoni zenye mistari miwili inakatana na maneno mekundu chini yake, nusu ya kazi hawajaifanya.

Asilimia inayotangazwa basi ni kitu rahisi: Dunia imechukua sehemu gani ya ule ukanda. Ukanda ukiwa mrefu sana Dunia ni kitone ndani yake, asilimia ndogo. Vipimo vipya vikija ukanda unakatwa huku na huku, unafupika, lakini Dunia haijapungua ukubwa, kwahiyo sehemu yake inaongezeka. Hakuna kilichobadilika angani. Kilichobadilika ni ujinga wetu umepungua.

Chukulia kijijini kwenu Rungwe kaibiwa jogoo wa mwenyekiti, na usiku ule watu mia walipita njia ile, wewe ukiwemo. Kwa hesabu ya haraka wewe una asilimia moja. Wakachujwa waliokuwa wagonjwa, wakachujwa waliokuwa safarini Tunduma, mkabaki 32. Sasa umefika asilimia 3.1 na hujafanya lolote, umekaa zako kwenu, ila dukani watu wameanza kukuangalia vibaya. Halafu anatokea mtu na picha kwenye simu, usiku ule wewe uko harusini Tukuyu unacheza na saa inaonekana ukutani. Asilimia yako haiteremki pole pole tatu, mbili, moja, inakatika palepale. Sasa YR4 tarehe 18 Februari ilikuwa moja kati ya 32 hivyohivyo. Kama ingekuwa ndo mwizi kweli ingeendelea kupanda mpaka mia. Kipindi cha kupanda hakikuambii kitu, mwenye hatia na asiye na hatia wote wanapita njia ileile mwanzoni.

Na hiyo picha ya kwenye simu siyo ya kutunga tu, imetokea kweli. Asteroidi maarufu kuliko zote zilizowahi kutiliwa shaka hivi inaitwa Apophis, iligunduliwa tarehe 19 Juni 2004 na Roy Tucker, David Tholen na Fabrizio Bernardi wakiwa Kitt Peak, Arizona. Waliiona siku mbili, halafu hali ya hewa na matatizo ya vifaa yakawakatiza, ikapotea, na kuitafuta siyo rahisi kwa sababu njia yake kwa sehemu kubwa iko ndani ya njia ya Dunia, yaani muda mwingi iko upande wa Jua na mchana huoni kitu. Ikaonekana tena Desemba kutoka Australia, hesabu zikapigwa, na wiki ile ya Krismasi asilimia ya kugonga tarehe 13 Aprili 2029 ikapanda mpaka 2.7, moja kati ya 37, ikapewa namba 4 kwenye kipimo cha hatari cha Torino chenye ngazi 0 mpaka 10, na mpaka leo hakuna jiwe lingine lililowahi kufika ngazi hiyo. Tarehe 27 Desemba watu wakachimba kwenye picha za zamani wakaikuta imo kwenye picha za mradi wa Spacewatch za mwezi Machi, ilipigwa bila mtu kuijua. Miezi mitatu ya ziada ya njia. Ukanda ukafupika, Dunia ikabaki nje, 2029 ikafutwa siku hiyohiyo.

Turudi kwa fundi wangu. Sifuri inaweza kugeuka kumi? Kwa kawaida hapana, kwa sababu ukanda mpya unakaa ndani ya ukanda wa zamani, na kama Dunia imeshatoka nje ya ukanda mrefu haiwezi kurudi ndani ya mfupi. Ila kuna vitu viwili vinaweza kuharibu hesabu ya miaka ya mbali, na hapa lazima niwe mkweli maana watu wanaojifanya kila kitu kimefungwa wananiudhi sawa na wale wa taharuki.

Cha kwanza ni kupita karibu na sayari. Jiwe likipita jirani na Dunia mvutano wetu unalipinda, na tofauti ndogo kabla ya kupita inakuwa tofauti kubwa sana baada ya kupita. Kwa Apophis kulikuwa na kijinafasi cha kama meta 600 tu angani, kwamba ikipita hapohapo mwaka 2029 basi Dunia ingeipinda kwa kipimo cha kuirudisha itugonge mwaka 2036. Meta 600! Umbali wa kutembea kwa miguu unaobishaniwa na watu walio kilometa mamilioni kutoka kwenye jiwe.

Cha pili ni joto. Jua linapasha upande mmoja wa jiwe, jiwe linazunguka, ule upande wenye moto unageukia gizani na kutoa joto lake, na joto linapotoka linasukuma, kidogo mno, ila kila siku kwa miaka. Wanaita msukumo wa Yarkovsky. Kwa Apophis unasogeza njia yake kati ya meta 170 na 200 kwa mwaka, na kwa jiwe lenye uzito wa makumi ya mamilioni ya tani hiyo siyo mchezo. Huwezi kukisia msukumo huu kwa kuangalia nukta siku mbili, lazima ulifuatilie jiwe miaka na miaka.

Hivi viwili ndo vilifanya mwaka 2036 na baadaye 2068 ibaki kwenye orodha muda mrefu. Kilichomaliza ubishi ni rada. Darubini inakupa upande bila umbali, rada inakupa umbali wenyewe: unatuma mawimbi, yanagonga jiwe, yanarudi, unahesabu yamechukua muda gani, na ukiangalia mawimbi yalivyobanwa au kuvutika unajua jiwe linakuja au linaondoka kwa kasi gani. Machi 2021 Apophis ilipita kilometa milioni 17 kutoka kwetu, dishi la Goldstone la California lenye upana wa meta 70 likatuma, Green Bank likapokea, wakapima umbali huo wa kilometa milioni 17 kwa kosa la meta 150 hivi. Baada ya hapo 2068 nayo ikafutwa na jiwe likaondolewa kwenye orodha ya hatari, NASA wakasema miaka mia angalau tuko salama nalo. Kwahiyo jibu kwa fundi ni kwamba sifuri ina uzito, na hii ya Apophis imepimwa kwa kitu kingine kabisa na siyo picha zilezile.

Na kama mtu bado anasema wanabahatisha, mkumbushe Sudan. Tarehe 6 Oktoba 2008 darubini ya Catalina huko Arizona iliona kajiwe ka meta 4 hivi, wakakaita 2008 TC3, wakapiga hesabu wakasema kesho alfajiri kinaingia hewani juu ya jangwa la Nubia. Baada ya saa kama 20 kikaingia, palepale. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum wakapangwa mstari wakatembea jangwani wakaokota vipande vyake. Mwaka 2018 ikatokea tena Botswana, safari hii kwa taarifa ya saa chache tu.

Sisi huku Nyanda za Juu tuna la kwetu bila taarifa yoyote, Kimondo cha Mbozi pale Ndolezi, chuma kitupu kimechanganyika na nikeli, tani kama 16, urefu meta 3. Shimo la kuangukia halionekani kabisa, ishara kwamba kimelala pale miaka mingi sana, na wenyeji walikuwa wanakijua kabla William Nott hajakiandika mwaka 1930. Ukikigusa asubuhi kina baridi ya kuuma vidole. Apophis ni jamii tofauti, ni mwamba zaidi kuliko chuma, upana wake karibu meta 340.

Mimi binafsi haya yenye majina na orodha hayaninyimi usingizi. Asteroidi za jirani na Dunia zinazojulikana zimeshapita elfu 35, na kubwa kubwa zile za kilometa na kuendelea karibu zote zimepatikana. Wasiwasi ni za kati na ndogo zinazokuja kutoka upande wa Jua. Ile ya Chelyabinsk, Urusi, tarehe 15 Februari 2013, ilikuwa na meta 20 hivi, ilitokea upande wa Jua, hakuna darubini iliyoiona, ikapasuka hewani, vioo vikavunjika mji mzima na watu kama 1,500 wakaumia, wengi kwa vioo kwa sababu waliona mwanga wakasogea dirishani kuangalia, halafu kishindo kikafika nyuma yake. Dawa ya hiyo ni darubini iliyo angani inayotafuta joto badala ya mwanga, NASA wanatengeneza moja inaitwa NEO Surveyor.

Sasa hiyo tarehe 13 Aprili 2029. Ni Ijumaa, najua, msianze. Apophis itapita kama kilometa 32,000 kutoka uso wa Dunia, chini ya setilaiti zinazoleta chaneli kwenye madishi yetu, ambazo ziko karibu 36,000. Kitu kikubwa hivi kupita karibu hivi na kuonekana kwa macho matupu ni bahati ambayo babu zetu hawakuipata, na Afrika tuko kwenye upande wenyewe. Hata mwezi umekubali, siku hiyo ni mwezi mpya, giza tupu. Itatokea upande wa kusini-mashariki ikivuka Bahari ya Hindi na kuelekea kaskazini-magharibi, inazidi kung'aa kadiri inavyosogea, mwisho inafika mwanga wa nyota ya kawaida, siyo ile kali, na ikifika kasi yake kubwa inavuka upana wa mwezi mzima kwa dakika moja hivi, polepole kuliko setilaiti lakini unaona kabisa inahama kati ya nyota.

Ila wadau angalizo. Muda wa kuwa karibu kabisa ni saa 6:46 usiku kwa saa zetu, kuamkia Jumamosi, na wakati huo itakuwa juu ya Atlantiki, yaani kwetu imeshainamia magharibi na milima inayozunguka jiji itakuwa imeiziba. Usisubiri muda huo. Toka nje mapema, saa 4 mpaka karibu saa 6 ndo muda wetu. Na Aprili ni mwezi wa mvua, Tukuyu ndo usiseme, kwahiyo mwenye uwezo aangalie kwenda kukavu zaidi, Usangu kule Rujewa, au Isimani na Pawaga upande wa Iringa. Kitulo juu kule pangefaa sana kwa giza lakini ukungu wake mnaujua. Darubini za kawaida za macho mawili, zile za watalii, zinatosha na zaidi.

Halafu ikishapita kazi inaanza upya kwa wapiga hesabu. Leo Apophis inazunguka Jua kwa siku 324, Dunia itaivuta kiasi kwamba baada ya usiku ule itatumia zaidi ya siku 420, duaradufu mpya, namba sita mpya. Chombo cha OSIRIS-APEX, ambacho zamani kilileta udongo wa asteroidi Bennu, kimeelekezwa huko kiifuate na kukaa nayo, na Wazungu wa ESA, shirika la anga la Ulaya, nao wana chombo chao Ramses walichopanga kiwahi kufika kabla haijapita, kipige picha kabla na baada, ili waone kama mvutano wetu utaitikisa mpaka mawe ya juu yake yaporomoke.